Kwenda Italia wakati majani yanapoanguka

Mtu akitaka kuitembelea nchi ya Italia, wenye kuijua humwambia: nenda mwezi wa kumi. Ndiyo majira yaliyo kati ya joto na baridi, majani yanapogeuka rangi na kuanguka. Kwetu Katanga mvua za kwanza zinakaribia wakati huo na miti inavaa majani mapya. Kule miti inavua yake. Wengi hudhani shauri hilo limetoka kwa wenye hoteli, kwa kuwa jua limepungua ukali na zabibu zinavunwa. Lakini shauri hilo ni la zamani kuliko hoteli. Watu walingoja mwezi wa kumi ili wasife.

Roma ulikuwa mji wa homa. Nje ya kuta zake palikuwa na nchi tambarare yenye maji yaliyotuama, na upande wa kusini, kwenye njia ya Napoli, mabwawa makubwa ya Pontino. Katika miezi ya joto, mpaka mwezi wa tisa, homa ilishika tajiri na maskini. Waitalia wenyewe ndio waliotunga jina la malaria, maana yake hewa mbaya, kwani waliamini kwamba ugonjwa unapanda pamoja na mvuke wa mabwawa. Sisi tunaijua homa hiyo kama jirani mbaya, na pengine tunadhani ni ya Afrika tu. La! Mwaka 1590 Papa Urbano VII alichaguliwa tarehe 15 ya mwezi wa tisa. Tarehe 27 ya mwezi uleule alikuwa amekwisha kufa kwa malaria, hata taji hajavikwa.

Majeshi nayo yalionja uchungu huo. Katika mwaka 1167 mfalme mkuu wa Wajerumani, Frederick Barbarossa, aliuteka mji wa Roma katikati ya joto, akamfukuza Papa Alesanda III. Siku chache baadaye ugonjwa uliingia kambini. Askari walikufa kwa wingi, na pamoja nao Rainald, askofu mkuu wa Köln, mshauri wake mkubwa. Wanahistoria hawapatani kama ilikuwa malaria au kuhara damu. Watu wa siku zile hawakuuliza. Walisema ni fimbo ya Mungu. Mfalme akarudi kwao na mabaki ya jeshi.

Basi msafiri kutoka kaskazini alibanwa pande mbili. Akiwahi, homa inamngoja Roma. Akichelewa, theluji inafunga milima ya Alpi. Ilimpasa avuke milima mwezi wa tisa, ashuke polepole, na afike Roma baridi ya kwanza ilipokwisha kuwapunguza mbu, ambao wakati ule wengi hawakuwadhania.

Goethe, mwandishi mashuhuri wa Wajerumani, alisafiri hivyo hasa. Mwaka 1786, tarehe 3 ya mwezi wa tisa, aliondoka kwa siri usiku wa manane, akitumia jina lisilo lake. Akavuka Alpi kwa njia ya Brenner, akapita Verona, akakaa Venezia majuma mawili. Firenze, mji ambao wengine huvuka bahari ili kuuona, aliupa saa tatu tu, maana alitaka kuwa Roma kwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Alifika kwa wakati. Lakini kwa jambo moja hatumsifu: huko Assisi aliliacha kanisa la Mtakatifu Fransisko, akaenda kutazama hekalu la wapagani! Kila mtu na macho yake.

Tungepanga safari leo, tungefuata njia yake, ila tungempunguzia haraka. Tungeanza Venezia mwishoni mwa mwezi wa tisa, kisha Firenze kwa siku nne au tano. Assisi tungefika tarehe 3 ya mwezi wa kumi, kwa kuwa jioni ya siku hiyo, mwaka 1226, Fransisko alikufa, na kesho yake ni sikukuu yake. Hapo inafaa kutafuta malazi mapema. Kisha Roma kwa siku zilizobaki. Kwenda kusini ni vizuri, kwa sababu baridi inatoka kaskazini na msafiri anaitangulia.

Homa haitishi tena. Katika karne ya 17 Wayesuiti walileta kutoka Peru ganda la mti wa kwinini, na Kardinali Juan de Lugo akaligawia maskini wa Roma. Mwaka 1898 daktari Grassi na wenzake walionyesha ni mbu gani anayeambukiza watu. Mabwawa ya Pontino yalikaushwa miaka ya 1930, na mwaka 1970 Italia ilitangazwa kuwa nchi isiyo na malaria. Adui aliyebaki ni maji. Tarehe 4 ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 1966, mto Arno uliingia Firenze, ukaua watu na kuharibu vitabu na picha nyingi. Siku hiyohiyo bahari ilipanda Venezia sentimita 194. Tangu mwaka 2020 Venezia ina milango ya chuma baharini ya kuzuia maji. Hata hivyo, anayetaka kuiona miji hiyo miwili aimalize kabla ya mwezi huo.

Huko Roma msafiri asikose kuingia kanisa la Santa Maria Maggiore. Humo mna sanamu ya jiwe jeusi. Ni ya Antonio Manuel, balozi wa mfalme wa Kongo, aliyetoka kwao mwaka 1604 akapitia Brazili, Ureno na Hispania. Hakuweza kuchagua majira. Alifika Januari 1608, katikati ya baridi, akiwa mgonjwa sana. Papa Paulo V alikwenda mwenyewe kumtazama kitandani, na baada ya siku chache tu tangu kufika kwake akafa, akazikwa katika kanisa hilo.