SEHEMU YA 9: Ule mlio wa "tik" ulitoka wapi? Soma kabla hujanunua kidude cha kubonyeza

Nimetoka shifti ya usiku, nimelala kidogo, sasa tuongee. Wengi mmeniuliza kuhusu vile vidude vya mezani vyenye vitufe kama vya kibodi, ambavyo vijana wanabonyeza huku wanasoma. Mnataka kujua mnunue cha rangi gani. Ili nikujibu, acha nikurudishe nyuma kidogo.

Waliosoma uhazili Tabora enzi za taipureta wanakumbuka darasa zima linavyolia. Chuma kinagonga karatasi, na mpiga taipu anajua herufi imeingia bila hata kutazama. Kompyuta zilipokuja hakukuwa tena na chuma cha kugonga, vidole vikakosa taarifa. Wahandisi wakaona bora waurudishe mlio. IBM walipotoa kompyuta yao ndogo mwaka 1981, chini ya kila kitufe waliweka springi inayopinda ghafla ukiibonyeza. Ilikuwa kibodi nzito, na ilikuwa na kelele hasa!

Kampuni nyingine ni Cherry, aliyoianzisha Walter Cherry huko Illinois, Marekani, mwaka 1953, kisha kazi yake ya swichi ikahamia Ujerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitoa swichi ya MX, na umbo lake ndilo lililomo kwenye vidude vyenu leo. Ukivua kofia ya kitufe utaona kijiti chenye alama ya msalaba. Hataza yao ilipokwisha, viwanda vya China kama Kailh na Gateron vikatengeneza za umbo hilo hilo, bei ikashuka, mpaka swichi ikawa kichezeo.

Rangi ya kijiti ndiyo inayokwambia tabia yake. Bluu ina kipande kidogo kinachoruka na kugonga ndani, ndiyo ile "tik". Kahawia haina "tik", ila kidole kinahisi kinundu katikati. Nyekundu inashuka laini tu, haina kinundu, na inataka nguvu ya kama gramu 45. Nyeusi ni laini pia lakini ngumu zaidi, kama gramu 60. (Viwanda vingine vina rangi zao, kwa hiyo muulize muuzaji, au bora ubonyeze mwenyewe.)

Mimi nilinunua ya bluu, nikaiweka pale mezani tunapoandikia mafaili. Saa nane za usiku, wodi imetulia, nabonyeza zangu. Bibi mmoja kitanda cha karibu akaniita: "Mwanangu, hicho kitu kitaacha lini?" Jamani, niliona aibu! Kwangu ilikuwa starehe, kwake ilikuwa usingizi unaokatika. Sasa ninayo ya kahawia.

Kwa hiyo kama mwanao anasoma chumba kimoja na wadogo zake, au anaipeleka darasani, achana na bluu. Mchukulie kahawia, kidole kitapata cha kuhisi bila kumsumbua mwenzake. Kama vidole vinamchoka haraka, nyekundu.

Ila kilichonifanya niandike leo siyo rangi. Kofia ya kitufe ina upana wa kama milimita 18, na inavutwa tu inatoka. Kipimo kinachotumika kwa vichezeo vya watoto chini ya miaka 3 ni tundu la milimita 31.7; kitu kikizama humo chote, kinaweza kumkaba. Kofia inazama bila shida, na springi ya ndani ndiyo usiseme. Kidude cha kaka mkubwa kikiachwa kwenye kochi, wa kwanza kukiona ni yule anayetambaa.

Na vile vinavyowaka taa, angalia betri. Nyingi ni zile bapa za duara kama za saa. Ikikwama kwenye koo la chakula inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2 tu, na mtoto anaweza asilie wala asikohoe. Ukihisi kameza, usimtapishe wala usingoje aitoe chooni. Mbebe, nenda hospitali saa hiyo hiyo, sema "betri" ukifika mlangoni. Mfuniko wa betri uwe na skrubu; kama unafunguka kwa kucha, rudisha dukani.

Changu kinalala juu ya friji. Wa kwangu ana miezi 14 na ameshajifunza kupanda stuli, kwa hiyo wiki hii natafuta sehemu nyingine.