Galactus Alichangiwa. Moraa Je?

Wasee wanaokusanya vinyago vya Marvel wako na mjadala mmoja usioisha: ni nani anastahili kutengenezwa akiwa jitu, na ni nani abaki saizi ya kiganja? Mimi husoma hoja zao mpaka usiku wa manane na sina hata kinyago kimoja cha bei hiyo. Kwetu ni Itumbe, Kisii, mahali ambapo bonasi ya majani chai ikiingia huwa imeshapangiwa kazi kitambo. Lakini mjadala wenyewe nauelewa kabisa, kwa sababu ukiuvua nguo za Marekani unabaki na kitu tunachokijua tangu utotoni. Harambee.

Sikiza vile inaenda. Mwaka 2018 kampuni ya Hasbro ilianzisha kitu inaita HasLab. Wanakuonyesha sampuli ya kinyago kikubwa ambacho duka la kawaida haliwezi kuthubutu kukibeba. Wanataja bei, wanataja idadi ya watu wanaohitajika, wanaweka siku ya mwisho. Idadi ikifika, kiwanda kinaanza kazi. Isipofika, kila mtu anarudi kwao na pesa yake. Mwaka 2020 walileta Sentinel, lile roboti linalowinda X-Men, urefu karibu sentimita 67. Walitaka watu 6,000, wakaja zaidi ya 21,000. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Galactus, yule mla sayari aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966. Huyo alikuwa na sentimita 81 na bei ya dola 400, yaani zaidi ya shilingi 40,000 kwa kiwango cha wakati huo, kabla hujataja usafiri. Walitaka watu 14,000. Wakapita 30,000.

Halafu mwaka 2022 wakaleta gari la Robbie Reyes, yule Ghost Rider wa kizazi kipya. Walihitaji watu 9,000 tu. Ikaanguka.

Hapo ndipo utamu uko. Kabla ya hiyo siku ungesema anayestahili ni anayependwa. Baada yake watu wakaanza kupekua: bei ilikuwa juu, ama gari si jitu, ama wanaosifu Robbie Reyes ni wengi kuliko wanaotoa pesa kwa ajili yake. Mjadala wa nani anastahili ukageuka kuwa mjadala wa nani yuko tayari kulipa kabla hajaona kitu. Ukishaelewa hivyo, huwezi kutembea Kisii tena bila kujiuliza swali lingine.

Kwa sababu sisi ndio watu wa vinyago, jameni! Tabaka, kule South Mugirango, watu wanachimba jiwe la sabuni na kulichonga vizazi na vizazi. Ni jiwe laini hata ukucha unalikwaruza. Wanaume wanalichimbua na kulichonga kwa panga, patasi na visu, mara nyingi likiwa bichi. Akina mama wanakaa na beseni za maji na msasa, wanasugua mpaka ling'ae. Kiboko, tembo, sahani, bodi za chesi, wapenzi wawili wamekumbatiana bila sura. Ukiona kiboko wa jiwe kwa duka la watalii Mombasa ama London, kuna uwezekano mkubwa alizaliwa Tabaka.

Lakini angalia saizi. Karibu vyote vinaingia kwa begi la mtalii. Hiyo haijatokana na ukosefu wa ujuzi. Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko huko Tabaka, sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Uwezo wa kuchonga kikubwa upo. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia kikubwa kabla hakijachongwa. Fundi akitumia miezi kwa jiwe moja bila mnunuzi, watoto watakula nini? Kwa hivyo anachonga kiboko, kwa sababu kiboko ana soko kesho asubuhi. Soko ndilo limeamua ni nani anastahili kuwa sanamu kwetu, na limemchagua kiboko. Sina chuki na kiboko. Lakini kiboko hakuwahi kufanyia Abagusii lolote.

Sasa nikuambie nani alifanya.

Mwaka 1907 Waingereza waliweka kituo chao cha utawala Getembe, ndiyo Kisii town ya leo. Bunduki walikuwa wameshazileta kabla ya ofisi: mwaka 1905 kikosi cha King's African Rifles kilipita Gusii kikaua watu na kuchukua mifugo. Ofisa aliyewekwa hapo alikuwa kijana anaitwa Geoffry Northcote. Wazee walishindwa kulizungusha hilo jina mdomoni, wakamwita Nyarigoti. (Hadi leo naona Nyarigoti ni jina tamu kuliko lile lake.) Pale Kitutu kulikuwa na mama mmoja, mganga na mtabiri, Moraa Moka Ngiti. Masimulizi yanasema aliwachambua wanaume hadharani: kama wanaogopa wageni, basi wanawake watashika mikuki wenyewe. Na kulikuwa na kijana shujaa, Otenyo Nyamaterere. Masimulizi yanatofautiana kuhusu undugu wa hawa wawili, lakini kwa jambo moja yanakubaliana: Moraa ndiye alimtuma.

Januari 1908 Otenyo akamvizia Northcote njiani na kumchoma mkuki mgongoni. Northcote hakufa.

Kilichofuata kilikuwa kisasi cha serikali. King's African Rifles wakarudi, nyumba zikachomwa, maelfu ya ng'ombe yakachukuliwa, na zaidi ya watu 100 wakauawa. Kipigo kilikuwa kibaya kiasi kwamba Winston Churchill, ndiyo, huyo huyo, wakati huo akiwa naibu waziri wa makoloni London, aliandika kulalamika kwamba watu wasio na namna ya kujitetea wanachinjwa. Ukiona Churchill amekuonea huruma kwa mambo ya ukoloni, jua hali ilikuwa mbaya. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Familia yake na wazee wa Gusii wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na kwa miaka mingi wamedai kirudishwe.

Na Northcote? Alipona, akapanda vyeo, akawa gavana wa Hong Kong kutoka 1937 hadi 1941. Kule Hong Kong chuo cha walimu kikapewa jina lake. Yaani aliyechomwa mkuki alipewa chuo, na aliyeushika mkuki jamaa zake bado wanatafuta kichwa. Mimi nikifika hapo huwa naweka simu chini kidogo.

Kwa hivyo, wasee, tufanye HasLab yetu. Jiwe tuko nalo, mafundi tuko nao, Paybill kila mtu anajua kuitumia. Swali ni lile lile la wale wa Galactus: tukichanga sanamu moja kubwa ya Gusii, asimame nani?

Najua wengi mtasema Otenyo bila kufikiria, na hoja zenu ni nzito. Ndiye aliyelipa kwa shingo. Ana mkuki, na mkuki unapendeza kwa sanamu. Jina lake linajulikana hata na watoto wa shule ya msingi. Kuna hata wanaosema sanamu yake ichongwe bila kichwa, iachwe hivyo mpaka kile cha kweli kirudi. Hiyo wazo ilinipiga, na bado naikataa. Abagusii walishamwona Otenyo bila kichwa mara moja. Mtoto wa darasa la tatu akipita na mamake sokoni, kitu cha kwanza atakachojifunza kuhusu shujaa wake kiwe kile Mwingereza alimfanyia? Hapana. Tena si ndoto kudai vitu virudi. Koitalel arap Samoei wa Wanandi aliuawa na Meinertzhagen Oktoba 1905, na fimbo zake za uongozi zilirudi Kenya mwaka 2006 kutoka kwa familia ya huyo huyo Meinertzhagen. Miaka 101. Otenyo angojewe kichwa chake kwa njia hiyo, kwa barua na mawakili na kelele.

Mimi namchagua Moraa. Sababu ya kwanza ni ya mkusanyaji: kwenye HasLab, kile kitu kikubwa ni kile ambacho hadithi nzima inakizunguka. Galactus akitoka kwa hadithi, wengine wote hawana kazi siku hiyo. Mtoe Moraa kwa mwaka 1908 na unabaki na kijana mwenye hasira na mkuki. Sababu ya pili ni kwamba tumezoea kumtaja kwa mstari mmoja tu, kama mtu wa pembeni kwa hadithi ya mwanamume. Nyanya yangu alikuwa akisimulia, Moraa alikuwa anaongea kurasa nzima na Otenyo alikuwa anasikiza. Kwa vitabu vya shule mambo yaligeuka.

Kuna wale watasema Kenya sanamu hujengwa na serikali. Ni kweli kwa zile kubwa tunazozijua. Dedan Kimathi alisimamishwa kwa barabara yake Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, na Rais Kibaki akaizindua. Tom Mboya alifuata Oktoba 2011, pale Moi Avenue, Kibaki tena. Zote mbili nazipenda. Lakini ukingoja serikali, unangoja pia serikali iamue ni shujaa wa nani anafaa kupigiwa kura mwaka huo. Mwanamke wa Kitutu wa mwaka 1908 atafika lini kwa hiyo foleni?

Na kama unadhani michango ya watu wa kawaida haiwezi kusimamisha kitu kikubwa, angalia Rio de Janeiro. Yule Kristo wa pale mlimani, mita 30 bila msingi, alijengwa kwa michango, wengi wa waliotoa wakiwa Wakatoliki wa Brazili, na kazi ikaisha mwaka 1931. Ndani ni zege. Unajua nje amevalishwa nini? Jiwe la sabuni. Vipande vidogo vya pembetatu, maelfu kwa maelfu, vilivyobandikwa kwa mkono. Jiwe la jamii ile ile ambayo sisi tunatengenezea vibao vya kuwekea sabuni bafuni.

Hesabu yake ngumu naijua. Jiwe la sabuni lina uzito wa karibu tani 2.7 kwa kila mita ya ujazo. Sanamu ya mita tatu kutoka kwa jiwe moja inataka bonge la zaidi ya tani nane kabla hujaanza kuchonga, na bonge refu hivyo lisilo na ufa halichimbwi kila siku. Kwa hivyo ama tufanye kama Rio, zege ndani na jiwe nje, ama tukubali kimo cha binadamu. Mimi nasema kimo cha binadamu kinatosha. Moraa hakuwa Galactus.

Shida kubwa zaidi ni harambee yenyewe. Tangu Jomo Kenyatta aifanye wito wa taifa mwaka 1963 imejenga shule na zahanati zisizo na idadi, na imewapa wanasiasa jukwaa la bure vile vile. Mheshimiwa anakuja na bahasha, anapigwa picha, na kesho jiwe la msingi lina jina lake kwa herufi kubwa kuliko la shujaa. Hapo ndipo sheria za HasLab zinasaidia. Kila mtu analipa bei moja. Idadi ya watu inatangazwa kabla, tarehe ya mwisho inatangazwa kabla, na ikikosa kufika pesa inarudi kwa simu yako. Hakuna mgeni wa heshima. Ukitoa mia tano unapata Moraa mdogo wa jiwe, wa sentimita kumi, aliyechongwa Tabaka, wa kuweka kando ya Spider-Man wako. Fundi anakuwa na kazi iliyolipiwa kabla hajagusa patasi. Na ikianguka kama lile gari la Robbie Reyes, angalau tutajua idadi kamili ya wale wanaompenda kwa mdomo tu.

Picha ya Moraa sijawahi kuiona, kwa hivyo sura itabidi itoke kwa vichwa vya wachongaji, na hapo ugomvi utakuwa mkubwa kuliko huu. Asimame ama akae? Mzee ama wa makamo? Mimi nataka akiwa amesimama, mkono mmoja umenyooshwa kuonyesha njia, mdomo wazi, katikati ya kuwatusi wale wanaume.

Na kitu kimoja zaidi kutoka Rio: wanawake waliobandika vile vipande vya jiwe, wengine waliandika majina nyuma yake kabla havijafungwa kwa zege, mahali hakuna mtu ataona. Akina mama wa msasa wa Tabaka nao waandike yao. Ila sisi tuyaweke mbele.