Kaya: albamu ya Bob Marley iliyowavunja moyo wengi

Desemba 1976 Bob Marley alipigwa risasi nyumbani kwake Kingston, Jamaika, akanusurika. Akaenda London, akarekodi nyimbo za kutosha albamu mbili. Exodus ilitoka 1977, ikawasha moto. Kaya ikafuata Machi 1978, imejaa mapenzi na bangi, na wahakiki wengi wakaona mpiganaji amelegea. Kumbe nyimbo za albamu zote mbili zilirekodiwa kipindi kilekile! Mimi naona walimwonea: Is This Love, mnaouomba kila wiki, umo humohumo. Waliotaka mapambano waliyapata 1979 kwenye Survival, yenye wimbo Zimbabwe. Aprili 1980 Marley aliuimba Harare, wakati huo ikiitwa Salisbury, kwenye sherehe za uhuru wa nchi hiyo.