Ua la kwa Geti: Jina la Kapteni, Jasho la Jeanne

Wasee, leo tuongee bugenvilia. Ndiyo, hiyo ya zambarau yenye miiba inayopanda ukuta wa ploti yenu. Wengi hudhani ni yetu. Asili yake ni Amerika Kusini.

Mwaka 1767 msafara wa meli za Ufaransa ulitia nanga Rio de Janeiro. Mtaalamu wa mimea aliitwa Philibert Commerson, na alikuwa na kijana wa mkono mwenye bidii ajabu. Kumbe "kijana" ni Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kiume kwa sababu wanawake walikatazwa kwenye meli za jeshi. Commerson alikuwa na mguu mbaya, kwa hivyo kupanda vilima na kubeba mizigo kulimwangukia Jeanne. Huenda hata ua lenyewe alilichuma yeye. Jina likaenda kwa nani? Bougainville, mkubwa wa msafara. Unashangaa?

Huko Ulaya mmea ukawa kisirani. Barafu huuua, basi karne ya 19 wakaulea ndani ya nyumba za vioo. Fikiria zile za plastiki za Naivasha, lakini za wenye pesa tu, maana Uingereza ilitoza vioo kodi hadi 1845. Sasa hapa ndipo watu hukosea: wakati wa baridi hautaki joto la Mombasa. Nyuzi 7 hivi zinatosha, na maji kidogo sana. Unapukutisha majani, unakaa kama umekufa, mtu anauonea huruma anaumwagia maji, mizizi inaoza. Anayejua anauacha na kiu, anaupogoa baridi ikiisha, halafu siku zikirefuka unalipuka rangi. (Hiyo rangi ni majani, by the way. Ua ni kale keupe kadogo katikati.)

Kuuzalisha? Kata tawi lililoanza kukomaa, sentimita 10 hivi, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu. Kule lazima upashe udongo joto kutoka chini. Huku shosho wako huchomeka tu mvua ikianza. Kijiti kikishika ni mmea uleule wa mwanzo, rangi ileile.

Na Jeanne? Siri yake ilifichuka Tahiti 1768. Commerson alifia Mauritius 1773. Yeye alirudi Ufaransa, mwanamke wa kwanza anayejulikana kuzunguka dunia, na 1785 jeshi la majini likampa pensheni. Mmea wenye jina lake, Solanum baretiae, alipewa 2012. Ndugu ya viazi, manze.