Kuwapa Kuku na Ndege Wengine Dawa: Namna Sahihi na Hukmu Zake

Sifa njema zote ni za Allaah, Rabb wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake. Ama ba'ad:

Kila unapoingia msimu wa maradhi ya kuku tunapokea masuali ya aina moja, mengi kutoka kwa akina mama wanaofuga uwani. Kuku wanaumwa, dawa imetolewa, wengine wamekufa na wengine wamepona. Je, mayai waliyotaga siku zile yanaliwa? Je, inajuzu kumuuza jogoo aliyekuwa akinyweshwa dawa? Tumeona bora tuyakusanye pamoja, tuanze na namna ya kutoa dawa kisha hukmu, kwani masuali mengi ya hukmu yasingekuwepo lau dawa ingetolewa inavyotakiwa.

Mnyama ni amana

Ndugu zetu katika imani, sote tumesikia Hadiyth ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Na tumesikia ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kuku aliyefungiwa bandani hana pa kwenda kujitafutia dawa. Kumtibu ni katika haki zake juu ya mwenye kumfuga.

Kwanza: jua unachokitibu

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, pamoja na ndui ya kuku na Gumboro ni maradhi ya virusi. Dawa za antibayotiki haziyatibu. Kinga yake ni chanjo, na chanjo hupewa kuku mzima kabla hajaugua, kwani mwili wake huhitaji takriban wiki mbili kujenga kinga. Kuhara damu husababishwa na vijidudu vya matumboni na kuna dawa zake maalumu. Minyoo nayo ina dawa zake. Anayefungua kapsuli za binadamu zilizobaki kabatini na kuzimimina kwenye maji ya kuku hajui kipimo wala hajui anatibu nini, na anawazoesha vijidudu dawa ambayo kesho huenda mwanawe akaihitaji. Muone daktari wa mifugo au afisa mifugo wa karibu na shehia yako. Kama kuku amekufa, mpelekee huyo huyo aliyekufa, amefungwa vyema ndani ya mfuko.

Pili: dawa ya kutia kwenye maji

Hii ndiyo njia inayotumika zaidi, kwa sababu kuku mgonjwa huacha kula mapema lakini huendelea kunywa. Nayo ndiyo inayoharibiwa zaidi. Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Tulichanganya dawa vizuri, tukaiweka uwani, na kuku wakapita wakaenda kunywa maji ya kuoshea vyombo kwa jirani. Siku tano za dawa zikapita na kuku hawakupata kitu. Tangu hapo tunashika mambo haya:

1. Wafungie kuku, na uondoe maji mengine yote. Kwa kuku wa kienyeji hili ndilo la mwanzo.

2. Waondolee maji saa moja au mbili asubuhi kabla ya kuwawekea dawa, ili wanywe kwa hamu. Usizidishe, na wakati wa jua kali la kaskazi punguza. Kiu ya muda mfupi ina maslahi yao, lakini kuwasahau mpaka mchana ni dhulma.

3. Pima maji. Kuku mkubwa hunywa kiasi cha robo lita kwa siku. Basi kuku kumi watahitaji lita mbili na nusu hivi, na joto likizidi wanaweza kunywa hata mara mbili yake. Kipimo cha dawa kwa kila lita kifuate maelezo ya chupani, wala usikisie kwa kijiko cha chai.

4. Changanya nusu asubuhi na nusu alasiri, kisha mimina mabaki ya jana. Weka kivulini, maana jua huharibu dawa nyingi.

5. Weka vyombo vya kutosha. Kikiwa kimoja, jogoo mwenye nguvu atakunywa na mgonjwa atasukumwa. Anayehitaji dawa zaidi ndiye atakayeikosa.

6. Angalia maji yako. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Chokaa hushikana na dawa za jamii ya tetrasaiklini zikapungua nguvu. Ukipata maji ya mvua yaliyo safi, hayo ni bora.

7. Maliza siku zote ulizoandikiwa. Kuku kuchangamka siku ya pili si dalili kwamba maradhi yamekwisha.

Tatu: chanjo

Chanjo nyingi za kuku ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo hufa kwa joto, jua na dawa ya kusafishia maji ya bomba. Ibebe ndani ya chombo chenye barafu. Ile ya kunywa ichanganywe na maji safi yasiyo na klorini, katika chombo cha plastiki na si cha bati, na imalizike ndani ya saa mbili.

Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 hustahamili joto kuliko nyingine, ila nayo isiachwe juani. Hutiwa tone moja katika jicho moja, kifaranga na jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Subiri tone lienee jichoni ndipo umwachie. Kubalianeni majirani mchanje siku moja, kwani kuku hawajui mipaka ya nyua zetu.

Nne: kumnywesha mmoja mmoja

Aliyezidiwa hanywi mwenyewe. Mshike wima, mbawa zimelazwa ubavuni, wala usimbane kifua. Ndege hupumua kwa kifua chake kupanda na kushuka, na ukimbana sana atakufa mkononi mwako. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, tia tone kwa tone pembeni mwa mdomo na umwache ameze. Tundu la pumzi liko nyuma ya ulimi, basi ukimimina kwa nguvu dawa itaingia mapafuni.

Njiwa hunywa zaidi baada ya kula, kwa hiyo mpe nafaka kavu kwanza kisha maji ya dawa. Kasuku hunywa kidogo na hukataa maji machungu, basi yeye apewe mdomoni kwa kipimo cha uzito wake. Na tahadhari: baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama huchanganywa na dawa za kuzuia kuhara damu, kama monensini, ambazo zinaweza kumuua kanga, na hata punda. Usiache gunia la chakula hicho wazi karibu na punda wako.

Tano: mayai na nyama

Kila dawa ina muda wa kusubiri, nao huandikwa chupani: siku kadhaa za nyama na siku kadhaa za mayai, na nyingine hazifai kabisa kwa kuku wa kutaga. Hesabu huanza siku ya dozi ya mwisho, si ya mwanzo. Kiini cha yai hukua kwa takriban siku kumi kabla ya kutagwa, na ndiyo maana mabaki ya dawa huweza kuonekana katika mayai hata baada ya dawa kusita.

Wanazuoni wetu wameizungumza maudhui iliyo karibu na hii katika mlango wa jallaala, yaani mnyama anayekula najisi. Imepokewa kwamba Ibn 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla. Sisi tunaona hekima ni moja, nayo ni kusubiri mpaka mwili utakasike. Ila siku tatu si kipimo cha dawa. Kipimo chake ni kilichoandikwa na wenye ujuzi.

Kwa hiyo mayai ya siku za dawa na siku za kusubiri hayageuki najisi, lakini yasiliwe wala yasiuzwe, kwani Shari'ah imekataza kujidhuru na kudhuru wengine. Kuyafukia si israfu.

Ama kuuza, hapa ndipo penye mtihani, hasa siku za mwisho za Ramadhaan ambapo bei ya kuku hupanda. Mwenye kumuuza jogoo aliyenyweshwa dawa juzi, akijua anakwenda kuchinjwa kwa 'Iyd, na akanyamaza, ameficha aibu ya bidhaa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimkemea muuza chakula aliyeficha sehemu iliyorowa chini ya kavu, na akajitenga na mwenye kughushi. Subiri muda uishe. Ukilazimika kumuuza kabla, basi auzwe kwa kufugwa, mnunuzi aambiwe dawa aliyopewa na siku zilizobaki.

Kuku mgonjwa aliyechinjwa kisheria angali na uhai uliothibiti si mzoga, lakini ikihofiwa madhara asiliwe. Aliyejifia ni mzoga, haramu kumla na kumuuza. Afukiwe shimo refu ambalo kunguru na mbwa hawatalifukua, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Andikeni ukutani mwa banda tarehe ya dozi ya mwisho na tarehe ya kuruhusiwa mayai, ili hata mtoto anayetumwa kuokota mayai ajue.

Tunamuomba Allaah Atubarikie katika mifugo yetu na Atulishe kilicho halali na chema.

Wa Allaahu A'lam.