Kupewa Mimba, Kupata Mimba

Kauli ya kitenzi ndiyo huamua nani abebe mzigo wa sentensi. "Alipewa mimba" na "alipata mimba" huweza kusimulia tukio lile lile, ila katika ile ya pili mwanamume ametoweka. Katika historia ya elimu yetu, tofauti hiyo imeamua maisha ya wasichana wengi.

Kanuni za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili. Shule zikaihesabu mimba kuwa kosa hilo. Nilipofundisha sekondari nilizisoma barua za kufukuzwa: "amepata ujauzito." Hakuna hata moja iliyouliza kapewa na nani.

Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha sheria: anayempa mwanafunzi mimba afungwe miaka 30. Hapo msichana akawa mtendewa. Lakini tarehe 22 Juni 2017, katika mkutano wa hadhara Chalinze, wilayani Bagamoyo, Rais John Magufuli alitangaza kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Basi msichana yule yule mahakamani alikuwa amepewa mimba, na shuleni alikuwa ameipata. Kule ni shahidi, huku ni mkosaji.

Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi hao waruhusiwe kurejea. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki na ustawi wa mtoto iliamua kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka haki zao.

Mwaka 1994 wanawake weusi wa Marekani waliokutana Chicago waliipa haki ya uzazi maana pana: kuzaa, kutozaa, na pia kumlea mtoto katika mazingira salama na yenye heshima. Kwa maana hiyo, dawati la mama kijana nalo ni sehemu ya haki yake ya uzazi, kwa kuwa elimu yake ndiyo riziki ya mwanawe.

Kiswahili husema mzazi *amejifungua*. Ni ajabu kwamba kwa neno hilo hilo tulimfungia lango.

Sheria na matangazo yamebadilika. Mashairi yetu mengi ya kumwonya binti bado yanamtaja peke yake. Tunapoyatunga, tumtaje na aliyempa.