Mahuang, Kichaka Kisicho na Majani

Katika nyanda kavu za kaskazini ya Uchina, na kuelekea magharibi hata kwenye milima ya Afuganistani, huota vichaka vya jamii moja ambavyo mpita njia asiyevijua angedhani ni fagio zilizotupwa mawemawe. Majani yake yamefifia hata yakawa magamba madogo kwenye vifundo, na kazi ya majani hufanywa na vijiti vyenyewe, ambavyo ni vya kijani mwaka mzima. Kwa hila hiyo mmea huu hauyapotezi maji ovyo, nao huishi mahali penye baridi kali na mvua haba. Wachina huuita mahuang. Wataalamu wa mimea huuita efedra.

Waganga wa Uchina waliutumia tangu kale. Yapata mwaka 200 baada ya Kristo, mganga Zhang Zhongjing aliandika namna ya kuchemsha vijiti vyake pamoja na vijiti vya mdalasini, kokwa za aprikoti na mzizi fulani mtamu, ili kumtoa jasho mwenye homa ya baridi na kumfungua kifua. Na la ajabu ni kwamba waganga hao walitumia mizizi ya mmea uo huo kuzuia jasho!

Mwaka 1885 Mjapani Nagai Nagayoshi, aliyekuwa amesomea kemia Berlin, alifaulu kukitenga kiini cha dawa hiyo, kikaitwa efedrini. Lakini madaktari wa Ulaya hawakukiona kuwa na faida kubwa ila kupanua mboni ya jicho.

Ndipo mwaka 1923 kijana Ko Kuei Chen aliporejea Peking kutoka masomoni Marekani. Mjomba wake, aliyekuwa mganga wa kienyeji, alimtajia mahuang. Chen na mwenzake, Carl Schmidt, wakaichemsha, wakamdunga mbwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Mara shinikizo la damu likapanda, likadumu juu. Hapo walijua wamepata jambo. Wakati huo mgonjwa wa pumu alitegemea adrenalini, ambayo hudungwa kwa sindano na nguvu yake huisha upesi. Efedrini yaweza kumezwa, na nafuu yake hudumu kwa saa kadhaa. Baada ya makala yao ya mwaka 1924, dawa ya mganga wa kijijini ikaingia katika maduka ya dawa ya Ulaya na Marekani.

Hata hivyo, kiini hicho kina upande wa giza. Nagai mwenyewe, mwaka 1893, alitengeneza kutokana nacho methamfetamini, ambayo katika Vita Kuu ya Pili walipewa askari ili wasilale. Baada ya vita Japani ilijaa watumwa wa dawa hiyo, hata ikaipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1951. Marekani nayo, mwaka 2004, ilikataza kuuza efedra kama kirutubisho cha kupunguza unene, kwa kuwa ilidhuru moyo. Na katika miaka ya karibuni wanakijiji wa Afuganistani wamekuwa wakiichuma milimani kwa ajili ya watengenezaji wa methamfetamini.

Kwa pumu sasa ziko dawa salama zaidi. Lakini mama anayepasuliwa ili ajifungue, akiisha kudungwa mgongoni sindano ya ganzi, shinikizo lake la damu huweza kushuka ghafula; na efedrini ni mojawapo ya dawa anazoziweka daktari karibu na mkono wake.